Mwenda Tezi na Omo: Mwanaanga Krikalev na Marejeo Yangu Garsen

Wahenga walisema kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii nilifunzwa nikiwa darasa la sita katika shule moja ya msingi kando ya Mto Tana, na mwalimu wetu aliifafanua kwa mchoro wa jahazi ubaoni. Hii ndiyo tezi, upande wa nyuma. Hii ndiyo omo, upande wa mbele. Na hapa chini, tumboni mwa chombo, ndiyo ngama. Baharia atembee atakavyo, hatimaye atashuka ngamani. Sisi watoto wa mtoni, ambao chombo pekee tulichokijua ni mtumbwi, tuliikariri methali hiyo na kuipatia alama zetu. Hakuna aliyenyosha mkono kuuliza swali ambalo limenisumbua tangu mwaka 2012: je, ikiwa ngama yenyewe imetoboka wakati baharia yuko omoni, marejeo yake yatakuwa wapi?

Makala haya ni jaribio la kulijibu swali hilo. Kunradhi, ndugu msomaji, kwani jibu lenyewe nitalipitisha mbali. Nitalipitisha katika maisha ya mwanaanga mmoja wa Kirusi, Sergei Krikalev, mtu ambaye sidhani kama amewahi kulisikia jina la Garsen.

Mwezi Agosti mwaka 2012 nilikuwa kidato cha pili. Shule zilipofungwa, mama alinituma Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, nikamsaidie mkaza mjomba aliyekuwa amejifungua. Nilipaswa kukaa juma moja tu. Nilibeba kanga mbili, daftari la Hisabati na chupa ya samli ya kumpelekea mzazi. Tarehe 22 Agosti mauaji yakatokea katika kijiji cha Riketa, na majuma yaliyofuata moto ukasambaa katika vijiji vingine vya delta ya Tana. Kufikia mapema mwaka 2013, zaidi ya watu 100 walikuwa wamepoteza maisha yao, wakulima kwa wafugaji, wanawake kwa watoto. Kijiji chetu sitakitaja. Wala sitasema kama nyumba yetu iliyoteketea ilikuwa ya mkulima au ya mfugaji, kwa sababu nimetambua kwamba punde nilitajapo hilo, msikilizaji huacha kunisikiliza na kuanza kuhesabu maiti za upande huu na za upande ule.

Mama alipiga simu jioni moja. Sauti yake ilikuwa kavu. "Kaa huko huko, mwanangu," alisema. "Usije mpaka nikwambie." Kisha akaomba kuzungumza na mjomba. Juma lile moja likageuka kuwa miezi kumi na sita. Mjomba alinitafutia nafasi katika shule ya kutwa, nami nikawa mtoto wa Ngomeni, ninayeamshwa na mngurumo wa mawimbi ilhali masikio yangu yalizoea ukimya wa mto.

Yeyote aliyewahi kusimama katika ufuo wa Ngomeni anajua kuwa macho hayawezi kuliepuka jambo moja. Baharini, katika Ghuba ya Ungwana, kumesimama majukwaa ya chuma juu ya miguu mirefu. Hayo ndiyo majukwaa ya San Marco, yaliyowekwa na Waitaliano katika miaka ya sitini chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa ziada. Kutoka hapo, mwezi Aprili mwaka 1967, ilirushwa setilaiti ya San Marco 2. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, ikarushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kwa uchunguzi wa miale ya eksirei kutoka angani, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Roketi ya mwisho kuweka setilaiti angani kutoka hapo ilirushwa mwezi Machi mwaka 1988. Mjomba, aliyekuwa kijana wakati huo, husimulia alivyoushuhudia moto ule ukipanda kutoka majini. "Tulidhani bahari inaungua," husema, kisha hucheka.

Nilikaa nikiyatazama majukwaa yale kila jioni. Nilijiona nami nimewekwa juu ya miguu ya chuma, mbali na nchi kavu, nikingoja jambo ambalo sikuambiwa litatokea lini. Mjomba alikuwa na mpangaji, mwalimu wa Fizikia, ambaye alinikuta nikiyatazama hivyo akadhani nina shauku ya sayansi. Akaniletea rundo la majarida yake ya kale. Humo ndimo nilimokutana na Krikalev.

Sergei Krikalev alizaliwa tarehe 27 Agosti 1958 katika jiji la Leningrad, katika nchi iliyoitwa Umoja wa Kisovieti. Alisomea uhandisi wa mitambo katika jiji hilo hilo na kuhitimu mwaka 1981. Alikuwa pia rubani hodari wa michezo ya angani, yule anayeipindua ndege juu chini mbele ya watazamaji. Aliajiriwa katika shirika lililounda vyombo vya anga, na mwaka 1985, kituo cha anga cha Salyut 7 kilipozimika na kuganda kwa baridi huko juu, alikuwa miongoni mwa wahandisi wa ardhini walioshughulikia uokozi wake. Mwaka huo huo akateuliwa kuwa mwanaanga. Safari yake ya kwanza ilianza Novemba 1988 na kukamilika Aprili 1989, na aliporudi alitunukiwa nishani ya Shujaa wa Umoja wa Kisovieti.

Safari yake ya pili ndiyo iliyonikamata. Tarehe 18 Mei 1991, Krikalev alirushwa kutoka Baikonur pamoja na Anatoly Artsebarsky na Mwingereza Helen Sharman. Wakaelekea kwenye kituo kilichoitwa Mir. Sisi wanafunzi wa lugha tuna haki ya kusita kidogo mbele ya neno hilo, kwa kuwa katika Kirusi mir ni amani, na mir ni dunia. Neno moja linabeba maana mbili, kana kwamba waliolitumia kwanza hawakuona vipi mtu angeweza kuwa na moja bila ya nyingine.

Sharman alirudi baada ya siku nane. Krikalev na Artsebarsky wakabaki, na mpango ulikuwa warejee baada ya miezi mitano hivi. Lakini huku chini mambo yalikuwa yameanza kwenda mrama. Mwezi Agosti kulitokea jaribio la mapinduzi mjini Moscow, likashindwa baada ya siku tatu. Mwezi Septemba jiji alikozaliwa likavuliwa jina la Leningrad na kurejeshewa jina lake la kale, St Petersburg. Majimbo yakawa yanajitangazia uhuru moja baada ya jingine. Fedha zikaadimika. Mwezi Oktoba chombo kilichopanda Mir kilibeba kamanda Alexander Volkov pamoja na wageni wawili, Mwaustria mmoja na Mkazaki mmoja, na kati ya wageni hao hapakuwa na aliyefunzwa kukaa huko kwa muda mrefu na kumpokea Krikalev kazi ya uhandisi. Wageni wakashuka na Artsebarsky. Krikalev akabaki na Volkov.

Tarehe 25 Desemba bendera ya Umoja wa Kisovieti ikateremshwa Kremlin kwa mara ya mwisho. Kazakhstan, kilikokuwa kituo alikorushwa na uwanda alikotarajiwa kutua, ilikuwa tayari nchi huru. Huko juu, Krikalev aliendelea kuizunguka dunia takriban mara 16 kila siku. Njia ya Mir ilipita juu ya kila latitudo kati ya nyuzi 51 kaskazini na nyuzi 51 kusini. Kwa hiyo, katika siku zake nyingi huko juu, kituo chake kilivuka pia latitudo yetu, nyuzi mbili na ushei kusini mwa ikweta, tena na tena. Aliteremka tarehe 25 Machi 1992, baada ya siku 311. Mwili uliozoea kuelea haukuweza kusimama, ikabidi asaidiwe kutoka chomboni na kukalishwa. Aliondoka katika nchi moja, akatua katika nchi nyingine, akiwa raia wa nchi ya tatu, na jiji lake lina jina jingine.

Nilipoisoma habari hiyo nikiwa na umri wa miaka kumi na mitano, nililia. Sikumlilia Krikalev. Nilijililia mwenyewe, kwa kuwa niliamini nimempata mwenzangu, mtu mwingine aliyesahauliwa na watu wake.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ni la usomaji. Sisi tunaosomea fasihi tunafahamu jinsi msomaji anavyoweza kuimiminia matini hamu yake hata isione njia ya kupumua. Wasimulizi wengi wa kisa cha Krikalev, hata leo, hupenda kusema kuwa alitelekezwa angani. Ukweli ni tofauti, na ni mzito zaidi. Wakati wote chombo cha Soyuz kilikuwa kimefungwa kwenye kituo, nacho kingeweza kumteremsha. Asingekwama huko kama mfungwa. Lakini kituo cha Mir kilihitaji mkono wa fundi: mitambo ya hewa, mitambo ya maji, bamba za umeme wa jua. Kukiacha bila fundi kulikuwa ni kuhatarisha uhai wake. Aliombwa abaki kwa sababu hapakuwa na mwingine, akapima, akakubali. Hakusahauliwa. Aliachiwa amana.

Miaka ilipita kabla sijalitambua hilo, na nilipolitambua nilimwuliza mama swali nililokuwa nimelificha. Nilimwuliza kwa nini aliniacha Ngomeni muda wote ule, ilhali ndugu zangu wadogo alikuwa nao katika kambi ya waliohamishwa. Alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua uso. "Sikukuacha," alinijibu. "Nilikuweka." Kisha akaongeza kwamba nyumba ikiungua, mtu huokoa kitu kimoja kilichokuwa nje, nacho hakirudishi ndani mpaka moto uzimike. Sina haja ya kumweleza mwanafunzi wa Kiswahili tofauti iliyopo baina ya kuacha na kuweka.

Katika delta yetu tunaye shujaa wetu wa kale, Fumo Liyongo, ambaye mapokeo yanamhusisha na Ozi na Shaka, na ambaye kaburi lake linasemwa kuwa liko Kipini, pale Tana inapomwagika baharini. Tumefunzwa kuzichambua sifa za shujaa kupitia kwake: nguvu zipitazo za kawaida, upinde, siri ya uhai wake, usaliti wa mwanawe. Hiyo ni fahari yetu na siibezi. Hata hivyo, nadhani nadharia zetu za ushujaa hazijautengea nafasi ya kutosha ushujaa wa aina nyingine, ule wa mtu anayebaki kazini pake wakati dunia yake inavunjwa mbali na macho yake, bila adui wa kumlenga wala kisima cha kulinda. Mama yangu katika kambi ni shujaa wa aina hiyo. Na Krikalev vilevile. Si ajabu kwamba mwaka huo wa 1992 alikuwa mtu wa kwanza kutunukiwa nishani ya Shujaa wa Shirikisho la Urusi, akawa ni shujaa wa nchi mbili, moja ikiwa imekufa na nyingine ikiwa changa.

Nilirejea Garsen mwezi Desemba mwaka 2013. Nilipoondoka, nilitoka Mkoa wa Pwani. Niliporudi, mikoa ilikuwa imeondoka na uchaguzi wa mwezi Machi, na kibao cha barabarani kilinikaribisha katika Kaunti ya Tana River. Nilitabasamu peke yangu ndani ya matatu, nikamkumbuka mwenyeji wa Leningrad. Tabasamu hilo halikudumu. Wazazi wangu hawakuwa tena kijijini. Walikuwa wamekodi vyumba viwili mjini Garsen, karibu na barabara kuu iendayo Lamu. Siku ya tatu baba alinipeleka kuangalia kiwanja chetu cha zamani. Palikuwa na majivu yaliyokwisha kuwa udongo, mawe matatu ya jiko na mwembe uliobabuka upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa umechanua. Baba alisimama chini yake muda mrefu, kisha akasema, "Twende, jua linatuwahi." Nilijua kwamba nimefika nyumbani, na nilijua pia kwamba hapana nyumbani.

Usiku ule nilimsimulia bibi kisa cha Krikalev. Bibi hajawahi kukaa darasani, lakini ndiye mhakiki mkali kuliko wote niliowahi kukutana nao. Alisikiliza kimya, kisha akaanza maswali.

"Huko juu, nani alikuwa akimlisha?"

Nilimwambia kuwa vyombo vya mizigo visivyo na watu vilipanda mara kwa mara na chakula na maji.

"Na mkewe?"

"Alimkuta, bibi. Alimkuta na binti yao."

Alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyelipwa deni. Kisha akauliza swali ambalo majarida ya mwalimu wa Fizikia hayakunitayarishia. "Alipomaliza kupona miguu, alifanya kazi gani?"

Nilinyamaza. Hadithi niliyoipenda ilikomea pale alipotua. Ilikuwa hadithi ya hasara, nami sikutaka iendelee. Ikanibidi niitafute sehemu iliyobaki, na naiandika hapa kwa ajili ya bibi. Mwezi Februari mwaka 1994, Krikalev akawa Mrusi wa kwanza kusafiri katika chombo cha Marekani, akiwa pamoja na watu ambao alipokuwa mwanafunzi alifundishwa kuwa ni wapinzani wa nchi yake. Mwezi Desemba mwaka 1998 alikuwa miongoni mwa waliounganisha sehemu mbili za mwanzo za Kituo cha Kimataifa cha Anga, na yeye na Mmarekani Robert Cabana wakaingia ndani bega kwa bega, ili asiwepo wa kwanza wala wa pili. Mwaka 2000, pamoja na Bill Shepherd na Yuri Gidzenko, akawa katika kundi la kwanza kuishi katika kituo hicho. Mwaka 2005 alirudi huko akiwa kamanda. Jumla ya siku zake angani ikafika 803, rekodi ya dunia ambayo haikuvunjwa hadi mwaka 2015. Baadaye, kuanzia mwaka 2009, alikiongoza kituo cha mafunzo ya wanaanga kilichopewa jina la Gagarin. Mir yenyewe, ile nyumba aliyoilinda, iliteketezwa kwa makusudi na mabaki yake yakaanguka katika Bahari ya Pasifiki mwezi Machi mwaka 2001. Alikuwa kwenye kituo kipya muda mfupi tu kabla ya hapo, akifunga mitambo.

Hapa ndipo kisa hiki kinaponihusu leo. Nilipokuwa nikichagua mada ya tasnifu yangu ya uzamili, nilikuwa tayari nimeandika pendekezo kuhusu riwaya mbili zilizochapishwa Dar es Salaam. Ilikuwa mada salama. Vitabu vilikuwa maktabani, na maktaba haina moto wala mafuriko. Lakini mwishoni mwa mwaka 2023 mto ulifurika, ukafurika tena Aprili na Mei mwaka 2024, na wazee wawili ambao walinisimulia ngano nikiwa mtoto wakafariki kati ya mafuriko hayo na mengine. Walikuwa wa pande mbili tofauti za uhasama wa mwaka 2012. Ngano zao zilifanana kuliko wenyewe walivyopenda kukiri. Sikuwa nimeandika hata moja.

Nilikwenda Ngomeni kumwomba mjomba ushauri, maana aghalabu mtu humwomba ushauri yule aliyemlea wakati wa shida. Nilimkuta ufuoni, ndani ya mashua yake, ameinama akifua maji kwa kopo la rangi. Nilimweleza kuwa naogopa kurudi vijijini na kinasa sauti, nikakae na watu ambao baadhi yao huenda wanajua nani alichoma nini. Nilimweleza kuhusu methali yetu na swali langu la ngama iliyotoboka. Mjomba hakuacha kufua.

"Mwalimu wenu alikuwa wa bara?" aliuliza.

"Hapana, mjomba. Wa mtoni."

"Basi ndiyo sababu. Ngama haitoboki ghafla. Kila siku inavuja. Chombo cha mbao chote huvuja. Baharia hateremki ngamani kupumzika. Huteremka kufua maji."

Miaka mingi nimeisoma methali ile kana kwamba ngama ni kitanda: mahali pa kurudi na kulala ambapo tuna haki ya kupakuta kama tulivyopaacha. Kumbe ngama ndipo maji yanapokusanyika, na marejeo ya baharia ni zamu yake ya kuyatoa. Krikalev aliyarejea maji ya nchi yake akayafua kwa miaka mingine zaidi ya ishirini. Baba yangu aliyafua kwa kukodi vyumba viwili na kuanza tena. Mama aliyafua kwa kuniweka.

Nimebadilisha mada. Tangu mwaka jana ninakusanya ngano za delta ya Tana kutoka kwa wazee wa pande zote, katika lugha zao, na kuzifasiri kwa Kiswahili, lugha ambayo sokoni Garsen ndiyo inayoziunganisha pande hizo hata siku zisipopendana. Baadhi ya wazee hunifukuza. Baadhi hunipa chai na kunyamaza. Mmoja alinisimulia ngano kwa saa mbili, kisha akaniuliza mimi ni binti ya nani. Nilimwambia. Alinitazama kwa muda, akashusha pumzi, akasema, "Rudi kesho. Iko sehemu ya pili."

Nilirudi.

Wenzangu wa chama hiki, wengi wetu tumetoka mahali ambapo mafuriko, moto, ukame au siasa vimepabadilisha tangu tulipobeba masanduku yetu kuja chuoni. Tunapohitimu, hushawishika kusema kuwa hapana tena pa kurejea, na kusema hivyo huwa ni nafuu, kwa sababu hutuondolea wajibu. Nawaomba tuisome upya methali ya mababu zetu. Haikutuahidi kwamba tutaikuta ngama ikiwa kavu. Ilitueleza tu mahali kazi ilipo.